Class 08 inakwama kwenye pointi: usikilaumu kichwa

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nimekulia Tabora, sasa naishi Leicester. Nina reli ya mfano ya kipimo cha OO (treni ndogo, zilizopunguzwa mara 76 hivi) kwenye ubao wa mita 2.4 kwa 1.2. Kuna mizunguko miwili ya Setrack (reli za vipande vya kuunganisha tu) na pointi nne (pale njia moja inapogawanyika mbili): mbili za kuhamia mzunguko wa pili, mbili za saidingi (njia za pembeni). Naendesha kwa DCC, mfumo wa kidijitali ambao kila kichwa kina dikoda, kibao kidogo kinachopokea amri. Vichwa vyangu ni Class 37 na Class 47, vyote vya buluu ya British Rail (shirika la zamani la reli la Uingereza), na vinapita kila mahali. Juzi nimeongeza Class 08 ya mtumba, kile kichwa kidogo cha kushanti, yaani kupanga mabehewa yadini. Ikienda kasi inapita. Nikiipunguza mwendo ili ishanti, inafia kwenye pointi mpaka niisukume kwa kidole. Muuzaji anasema niirudishe, niongeze pesa, nichukue mpya yenye sauti. Nimsikilize? Na hata ikipona, nitaipa kazi gani? Natamani yadi kama ile niliyokuwa naitazama utotoni.

JIBU: Ndugu yangu, usiirudishe kwanza. Tatizo umeshalitaja mwenyewe: kwa kasi inapita, polepole inakwama, tena mahali pale pale, na vichwa vikubwa havisumbuki. Mota iliyochoka haichagui mahali pa kufia. Gia mbovu nazo zingegoma popote, hata kwenye reli iliyonyooka. Kinachokatika pale ni umeme. Ukiweka kichwa kipya chenye sauti juu ya pointi zile zile, kitakwama pale pale, na safari hii utasikia aibu yake chumba kizima: umeme ukikatika kidogo tu, dikoda ya sauti inazimika, kisha inaanza upya kuanzia kuwashwa kwa injini.

Tazama vipimo. Class 37 yako ina urefu wa milimita 246 hivi, Class 47 milimita 254, na kila moja ina magurudumu 12 kwenye bogi (fremu za magurudumu) mbili zilizoachana. Bogi ya mbele ikiwa juu ya kipande kisicho na umeme, ya nyuma bado inaupata. Tena vichwa vya namna hiyo mara nyingi huwa na gurudumu zito la shaba kwenye shafti ya mota, linaloendelea kuzunguka hata umeme ukikatika. Class 08 ina urefu wa milimita 117 na magurudumu 6, na kutoka ekseli ya kwanza hadi ya mwisho ni milimita 46 tu. Kiwanda hakijakosea, kwa sababu kichwa halisi ndivyo kilivyo: urefu wa futi 29 na inchi 3, ekseli za mwisho zikiachana futi 11 na nusu, na kipimo cha OO kinageuza kila futi kuwa milimita 4.

British Rail iliunda vichwa 996 vya aina hiyo kati ya 1952 na 1962. Ni mashine ya karibu tani 50 yenye injini ya nguvu farasi 350, na mwendo wake wa juu ni maili 15 hadi 20 kwa saa. Haikuundwa kukimbia, iliundwa kuvuta uzito mkubwa polepole, kusimama, kurudi nyuma na kusimama tena, kutwa nzima. Kwa hiyo Class 08 inayolazimika kwenda mbio ili isikwame si shanta tena, hata ikiwa imepakwa rangi vizuri namna gani. Pesa yako ya kwanza iende kwenye umeme wa polepole. Urembo na sauti vitafuata.

Anza na kichwa chenyewe, maana ndicho rahisi. Kigeuze na upime kwa maltimita: mguso mmoja kwenye gurudumu, mwingine kwenye waya wa upande huo unaoingia kwenye dikoda. Pima magurudumu yote 6, moja baada ya jingine, huku ukiyazungusha kidogo kwa mkono ikiwa gia zinaruhusu. Nyuma ya kila gurudumu kuna kibamba chembamba cha shaba kinacholigusa. Kwa kichwa cha mtumba nakisia utakuta kimoja au viwili vimepinda na havigusi, au vimefunikwa na uchafu mweusi uliochanganyika na mafuta. Vipinde kwa kibanio mpaka viguse kwa wepesi. Ukivikaza mno vitageuka breki. Gurudumu lenye mpira wa kushikia reli, kama lipo, halichukui umeme kabisa, basi lihesabu kuwa halipo.

Magurudumu yenyewe yasafishe kwa alkoholi ya isopropili. Laza karatasi ya jikoni iliyolowana kidogo juu ya reli, weka ekseli za mbele juu ya karatasi na ya nyuma ibaki kwenye reli tupu, kisha washa umeme ukiwa umekishika kichwa kwa vidole viwili. Magurudumu yatazunguka yakijisugua yenyewe. Kigeuze, fanya na upande wa pili. Reli nazo zipanguse kwa alkoholi hiyo hiyo. Msasa uache kabisa, hata ule laini, kwa sababu unaacha mikwaruzo inayokusanya uchafu haraka kuliko mwanzo.

Hapo kichwa kimeshapona nusu. Sasa pointi.

Chukua penseli, endesha Class 08 kwa mwendo wa konokono juu ya kila pointi, na uweke alama kwenye taruma mahali ambapo ekseli ya katikati imesimama inapokwama. Alama hizo zitakwambia una ugonjwa upi kati ya miwili. Zikiwa karibu na pale reli mbili zinapokatana, sehemu tunayoiita frogi, basi unakwama kwenye plastiki. Pointi za Setrack ni za aina ya Insulfrog: ncha ya frogi haina umeme, na imetengenezwa hivyo makusudi ili anayeanza asihangaike na nyaya. Zikiwa upande wa ndimi zinazosogea, basi umeme unaoingia kwenye ndimi hautoshi. Kwenye pointi hizo ulimi hupata umeme kwa kuigusa tu reli ya pembeni, na chembe moja ya vumbi, au gundi iliyomwagika ulipokuwa unaweka kokoto, inatosha kuukata. Ugonjwa huu wa pili unatibika kwa kusafisha mguso wa ulimi kwa kipande cha kadi kilicholowekwa alkoholi. Tiba ya kudumu ni kuunga waya mfupi chini, kutoka reli ya pembeni hadi reli ya ndani inayofuata ulimi wa upande huo huo.

Kwa frogi ya plastiki hakuna dawa ya kupaka. Lakini pointi zako nne usizing'oe. Mizunguko yako imepangwa kwa jiometri ya Setrack, ambayo njia zake zinaachana milimita 67, na pointi ya Streamline, aina nyingine ya reli kutoka kampuni ya Peco, ina pembe ya nyuzi 12, njia zikiachana milimita 51 hivi. Ukiingiza moja badala ya nyingine, mpangilio wote utavurugika. Ninachokushauri ni hiki: mizunguko iache ilivyo, Class 37 na 47 zinapita bila tatizo. Yadi, ambayo ndiyo nyumba ya shanta, ijenge upya kwa pointi za Streamline zenye frogi ya chuma, Electrofrog au Unifrog, za Code 100 (kimo cha reli sawa na cha Setrack), ili ziungane na Setrack yako moja kwa moja bila kiungio maalumu.

Frogi ya chuma inadai nidhamu ya nyaya. Reli mbili za ndani zinazotoka kwenye frogi lazima ziungwe na zinazofuata kwa viungio vya plastiki, la sivyo utapata shoti siku ya kwanza. Frogi yenyewe inapaswa kubadilisha upande wake wa umeme kila pointi inapogeuzwa. Unaweza kutumia swichi ndogo inayosukumwa na mota ya pointi, au kifaa cha kielektroniki kinachohisi shoti na kugeuza chenyewe haraka kiasi kwamba kichwa hakistuki. Kwa kuwa yadi nitakayokupangia hapa chini ina pointi mbili tu, ningechukua hicho kifaa na kulala usingizi mzuri. Kwa Electrofrog za zamani, kata pia viunganishi viwili vidogo vilivyo chini ya pointi kati ya ndimi na frogi, kisha unga kila ulimi na reli yake ya pembeni. Bila hivyo, mgongo wa gurudumu ukiugusa ulimi uliofunguka, mfumo mzima wa DCC unazima.

Na ukiwa chini ya ubao, tandaza nyaya mbili nene za shaba kutoka kwenye kontrola hadi mwisho wa yadi, na kila kipande cha reli kipate waya wake mwembamba kutoka huko. Viungio vya chuma kati ya reli vimewekwa kushikanisha reli. Kuvitegemea vibebe umeme miaka mitano ni kujitafutia kazi.

Kinachofuata ni kapasita ya akiba. Ni kama tanki juu ya nyumba: bomba likikatika, bado unaoga. Pakiti ndogo ya kapasita iliyounganishwa na dikoda inaweza kukiendesha kichwa kidogo kama hiki kwa sekunde moja au zaidi bila umeme wowote wa reli, na kwa mwendo wa kushanti muda huo unatosha kuvuka frogi yoyote. Wapo wanaosema ukiwa na kapasita huna haja ya frogi ya chuma. Sikubaliani nao. Kapasita ni akiba, na akiba inayotumika kila dakika haikai. Ila kwenye zile pointi zako za Setrack, ambazo nimekuomba uziache, ndiyo itakayokuokoa.

Kabla hujanunua, fungua kichwa uone soketi. Class 08 za OO zimetolewa na Bachmann na Hornby kwa miaka mingi, na ndani zinatofautiana kutoka toleo hadi toleo: nyingine zina soketi ya pini 6, nyingine ya pini 8, na za zamani hazina kabisa, mpaka uunge nyaya kwa lehemu. Na ukikuta magurudumu yako wazi bila fremu mbele yake, unalo lile toleo la kale lililobebeshwa chesisi isiyo yake. Class 08 halisi ina fremu nje ya magurudumu, na fito zake zinafungwa kwenye mikono iliyo nje ya fremu hiyo. Toleo hilo la kale ndilo pekee ambalo ningekubaliana na muuzaji kwamba lirudi dukani.

Dikoda ndogo za pini 6 mara nyingi hazina waya uliotengwa kwa ajili ya kapasita, kwa hiyo tafuta iliyotengenezwa na sehemu hiyo, uepuke kulehemu kwenye kibao cha ukubwa wa kucha. Nunua pakiti iliyokamilika, yenye sakiti yake ya kupunguza mkondo wakati wa kujaza. Usichukue kapasita tupu ukaibandika. Waya mmoja unaingia kwenye chanya ya dikoda, ile ya waya wa buluu, na mwingine kwenye hasi ya dikoda. Usiunganishe kamwe na nyaya za reli. Mahali pa kuificha ni kwenye kibanda cha dereva, chini ya usawa wa dirisha, kwa sababu boneti imejaa mota na uzito. Uzito huo usiutoe. Kichwa chepesi kinateleza, na pia kinagusa reli kwa kusitasita.

Sasa namba, sehemu ambayo wengi huikimbia ilhali ndiyo tamu. CV ni mipangilio ya ndani ya dikoda, kila mmoja na namba yake. Kichwa kipya huja na anwani 3, ambayo iko kwenye CV1. Ibadilishe, usije ukaondoa vichwa viwili kwa pamoja. Kwenye CV29, ikiwa unatumia anwani fupi na unaona 6, andika 2, maana hiyo inazima uendeshaji wa umeme wa kawaida wa DC. Ukiwa na kapasita hili ni muhimu, kwa sababu vinginevyo kuna dikoda ambazo hitilafu ndogo ya mawimbi zinaidhania DC, na kichwa kinafyatuka. Kwa anwani ndefu, 38 inakuwa 34. Fanya kazi hizi kabla ya kuunga kapasita ukiweza, kwani njia ya kuprogramu mara nyingine inashindwa kusoma dikoda yenye kapasita.

Baada ya hapo, mwendo. Maili 15 kwa saa ni kilometa 24. Zigawanye kwa 76.2, ambao ndio uwiano wa OO, unapata kichwa kinachotembea kama sentimita 8.8 kwa sekunde. Pima mita moja ya reli, shika saa ya simu, weka kontrola mwisho kabisa, na upunguze CV5 mpaka Class 08 itumie sekunde 11 hivi kuimaliza hiyo mita. Utashangaa ilivyokuwa ikikimbia. Kwa hatua za mwanzo gusa CV2, uipandishe taratibu mpaka kichwa kianze kutambaa kwenye hatua ya kwanza kati ya 128 bila kunguruma kikiwa kimesimama. Mwendo wa mtu anayetembea, ambao ndio wa kusogelea behewa, unachukua zaidi ya nusu dakika kwa mita hiyo hiyo. CV3, ya kuongeza mwendo, mimi huiweka juu kidogo ili kichwa kionekane kizito. CV4, ya kupunguza, naiweka chini, maana kwenye saidingi fupi unataka kichwa kisimame ulipotaka, si sentimita nne mbele, ndani ya kizuizi cha mwisho wa njia.

Kuhusu kazi yake, huna haja ya ubao mwingine. Katikati ya mizunguko yako kuna nafasi ya kutosha mchezo ambao Mwingereza Alan Wright aliubuni na ambao bado haujapata mpinzani kwa udogo wake: Inglenook. Unahitaji pointi mbili na saidingi tatu. Moja inabeba mabehewa 5, mbili zinabeba 3 kila moja, na kipande cha reli kilicho mbele ya pointi kinatosha kichwa na mabehewa 3 tu, hata nusu behewa lisizidi. Mabehewa ni 8. Kila behewa lina kadi yake, unachanganya kadi, unatoa 5, kisha unapanga treni ya mabehewa hayo kwa mfuatano uleule kwenye saidingi ndefu. Mifuatano inayowezekana ni 6,720, kwa hiyo hutachoka mwaka huu.

Tumia mabehewa ya makaa ya mawe ya tani 16, ya ekseli mbili, ambayo yanaendana sawasawa na enzi ya buluu. Kila moja, pamoja na kiunganishi chake, linachukua sentimita 8.5 hivi. Saidingi ndefu basi ni sentimita 43, fupi 26, na kipande cha mbele karibu 39. Ongeza pointi mbili na yadi nzima inaingia ndani ya mita 1.3, ukiiunganisha na mzunguko wa ndani kwa ile pointi ya saidingi uliyonayo. Class 37 inaleta mabehewa na kuondoka, 08 inabaki kufanya kazi. Vipimo vichukue kwa mabehewa yako halisi kabla hujapiga msumari, kwa sababu ugumu wote wa mchezo umo kwenye ufupi wa kile kipande cha mbele.

Utakachokichukia mapema ni kuachanisha mabehewa kwa mkono. Viunganishi vya kawaida vya Kiingereza, vile vya ndoana kubwa, vinaachana juu ya kitako cha plastiki kilichowekwa kati ya reli, lakini vinataka kichwa kisimame mahali halisi, na ukisukuma tena vinajishika. Vya kampuni ya Kadee vinaachana juu ya sumaku, na vikishaachana unaweza kulisukuma behewa mbali ndipo uliache, kwa hiyo sumaku moja mwanzoni mwa saidingi inatosha. Vinaingia kwenye mfuko wa NEM (tundu la kawaida la kuchomekea kiunganishi) bila kukata chochote, na urefu uko wa aina nne, namba 17 hadi 20. Chagua mfupi kabisa usiofanya bafa za mabehewa zikwamane kwenye kona. Sumaku iwe kwenye reli iliyonyooka. Halafu kuna hili ambalo maboksi hayalisemi: ekseli za mabehewa mengi ya Uingereza ni za chuma kinachovutwa na sumaku, na sumaku ya kudumu ikizivuta behewa linasogea lenyewe kama lina jini. Badilisha ekseli ziwe za shaba kwa yale 8 tu, au nunua sumaku ya umeme inayoamka ukibonyeza kitufe.

Rangi: kama 37 na 47 zako zina namba za tarakimu tano zinazoanza na 37 na 47, uko baada ya 1973, na 08 yako iwe ya buluu yenye milia ya njano na nyeusi mbele na nyuma, namba ikianza na 08. Ukiipata ya kijani yenye herufi D, ni ya miaka ya nyuma.

Tabora nimeiacha mwisho kwa sababu jibu lake ni fupi. Ile unayoikumbuka, pale njia ya Mwanza inapoachana na ya Kigoma, ni reli ya mita moja, na Class 08 ni ya milimita 1,435. Mita moja kwa kipimo cha 1:87 inakuwa milimita 11.5, na wanaoiigiza hutumia reli ya milimita 12. Kwa hiyo yadi ya Tabora ni ubao mwingine, reli nyingine na vichwa vya kujitengenezea mwenyewe kwa sehemu kubwa. Inawezekana, ila usiianze kabla ya hii ya Uingereza kutembea. Kuipaka Class 08 rangi za kwetu ni ruhusa yako, chumba ni chako.

Ukishamaliza yote na bado unatamani sauti, rudi kwa muuzaji ukanunue dikoda ya sauti peke yake, iliyorekodiwa kutoka injini ya English Electric ya silinda 6 iliyo ndani ya Class 08, si ya dizeli yoyote. Peleka kichwa mkononi upime nafasi ya spika kwanza, kwa sababu ndani ya kibanda kuna kapasita tayari, na hapatoshi vyote viwili isipokuwa spika iwe ndogo ya mraba kama zile za simu.